Kolesteroli nyingine mtu anazaliwa nayo

Mwandishi wa makala moja kasema kolesteroli kubwa ni ya wavivu na wapenda mafuta, hapana jamani, hapo umewaonea watu. Kaka angu ni mwembamba, sigara hajawahi kugusa, mazoezi kila siku, na bado akapata shambulio la moyo ana miaka 41 tu, kupimwa ndo ikaonekana ni ya kurithi, baba nae alikuwa nayo. Hali hii anayo karibu mtu 1 kati ya 250, mara nyingi jeni ya vile vipokezi vya kwenye ini vinavyonasa kolesteroli mbaya ina hitilafu, kwahiyo inabaki inazunguka kwenye damu toka mtoto anazaliwa na mishipa inaziba taratibu we hujui kitu. Mzazi akiwa nayo kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50!! Halafu kuna watu kinyume chake kabisa, jeni yao iitwayo PCSK9, ambayo kawaida hupunguza vile vipokezi vya ini, haifanyi kazi vizuri na kolesteroli yao iko chini maisha yote, na kwa kuwachunguza hao ndo zikapatikana sindano za kuishusha. Mazoezi yanasaidia sikatai, ila hawa wengi wao bila dawa haishuki inavyotakiwa. Sisi tumeshapima watoto wote wa kaka, wawili wanayo, mdogo ana miaka 9.