Hiyo kamera kuukuu, ifungueni tu

Tangu enzi za mikutano ya korona, ofisi na nyumba nyingi za Dar zimebaki na kamera za kompyuta, zile za USB za kubana juu ya skrini, ambazo hazina kazi tena. Laptopu zina zake, simu zina nzuri zaidi, na hizo nyingine zimelala kwenye droo pamoja na chaja ambazo hakuna anayekumbuka ni za nini. Maoni yangu ni kwamba zifunguliwe, na kioo kimoja kidogo kilichomo ndani king'olewe, ili zione mwanga ambao macho yetu hayauoni. Watakuja watu kusema huo ni uharibifu. Ni uharibifu kweli, na nautetea.

Kioo hicho ni filta, yaani kichujio cha mwanga. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea picha, ni ya silikoni, na silikoni hupokea mwanga wenye urefu wa wimbi hadi kama nanometa 1,100, wakati jicho la binadamu linakomea karibu na 700. Katikati ya hapo ndipo ilipo infraredi ya karibu, mwanga unaotoka kwenye rimoti ya king'amuzi unapobonyeza. Sensa inauona vizuri tu. Mtengenezaji ndiye anayeuzuia, na ana sababu. Bila filta, majani yanatoka ya waridi, shati jeusi linageuka zambarau, na hakuna mteja atakayekubali kuonekana hivyo kikaoni. Anayebisha azime taa, aelekeze rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu yake, abonyeze. Filta za kamera za mbele mara nyingi ni hafifu, kwa hiyo simu nyingi zitamwonyesha kidoa cheupe chenye uzambarau kikimetameta. Mafundi wa redio na TV Kariakoo wanaijua mbinu hii siku nyingi. Ndivyo wanavyopima kama rimoti inatoa mwanga au tatizo liko kwenye TV.

Kufungua si kazi. Kuna skrubu mbili tatu, aghalabu zimejificha chini ya stika. Ndani utakuta bodi ndogo, na juu yake pipa la lenzi linalofunguka kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Lichomoe, ligeuze, utazame upande uliokuwa unaangalia sensa. Utaona kipande cha kioo cha mraba, kidogo kuliko ukucha. Kiinamishe kwenye mwanga, kitang'aa wekundu. Tazama kupitia kwake, kina ubuluu-kijani kwa mbali. Ndicho hicho. Kwenye kamera za bei nafuu kimeshikwa na gundi kidogo pembeni, na ncha ya wembe inatosha kukiinua. Kikipasuka si hasara, mradi vipande visikwaruze lenzi. Muda wote huo funika sensa, maana vumbi la mji huu halibishi hodi. Ukirudisha lenzi, picha itakuwa na ukungu, kwa kuwa unene wa kioo ulichotoa ulishiriki kupanga mahali mwanga unapokutana. Zungusha pipa taratibu mpaka itulie. Kuna kamera ambazo filta yake si kioo cha pekee bali ni utando uliopakwa juu ya lenzi yenyewe. Hizo ziache.

Sasa kamera inaona vyote kwa pamoja, mwanga wa kawaida na infraredi. Ukitaka infraredi peke yake, unahitaji kitu cheusi kinachoipitisha, na hapa waliowahi kufanya kazi studio za picha wanatupita. Ile ncha ya negativu ya rangi, yaani mkanda wa filamu wa kamera za zamani, iliyopigwa na mwanga, ikasafishwa ikatoka nyeusi tii, ndiyo yenyewe. Weka tabaka mbili mbele ya lenzi. Kisahani cha ndani ya disketi ya zamani ya kompyuta nacho kinafaa. Lakini kwa jina la Mungu, mtu asitazame jua kwa negativu hiyo. Jicho linaona giza, mboni inapanuka, na infraredi inapita moja kwa moja kuunguza nyuma ya jicho bila maumivu ya kukuonya.

Halafu toka nje saa sita mchana. Simama upande wa Daraja la Selander, uelekeze kamera kwenye mikoko. Mikoko ni myeupe, kila jani limeng'aa. Maji chini yake ni meusi, kwa sababu maji humeza infraredi. Anga, ikiwa haina mawingu, inaingia giza. Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alitoa picha za namna hii mwaka 1910, majani yakiwa meupe kama theluji. Cha kunifurahisha zaidi ni chanzo cha weupe huo. Ukijani wa jani unakamata nyekundu na buluu ili mmea ujitengenezee chakula, lakini infraredi haina matumizi kwake. Inapenya hadi kwenye chembe laini za ndani ya jani, zilizoachiana nafasi za hewa, inagongagonga humo na kutoka tena. 

Ukirudi nyumbani, mimina Coca-Cola kwenye glasi. Kwenye skrini ni kama maji. Kisha nenda kwenye jiko la mkaa ambalo kila mtu ameshasema limezimika.

Jiko hilo ndilo linaloleta mkanganyiko mkubwa, na linanipa nafasi ya kuwakemea wauzaji wa kamera za ulinzi wanaowaambia wateja kwamba kamera yenye taa za infraredi "inaona joto". Haioni. Ile taa inayowaka wekundu hafifu usiku, nyingi zikiwa za nanometa 850, ni tochi tu ambayo macho yetu hayaioni vizuri. Kamera inaona mwanga wake ukirudi kutoka ukutani na kwenye sura ya mwizi. Joto la mwili hutoka kwenye nanometa kama 10,000, mbali sana na uwezo wa silikoni, na lenzi ya kioo cha kawaida haipitishi mwanga huo. Mkaa ni jambo lingine. Kitu cha moto huanza kuonekana chekundu kwa macho kwenye nyuzi 525 hivi za Selsiasi, na kamera uliyoifungua inaweza kuanza kukiona chini kidogo ya hapo. Ndiyo maana kaa ambalo kwako ni jeusi, kwenye skrini bado lina mng'ao. Pasi iliyo tayari kunyoosha nguo haionyeshi chochote, maana haijafika huko. Aliyelipia kamera ya joto akapewa yenye taa za infraredi ameibiwa.

Na nguo, je, kamera inaona ndani yake? Swali hilo linakuja daima, kwa kicheko. Ni kweli kwamba mwaka 1998 Sony ilibadilisha kamera zake za video baada ya kugundulika kuwa sehemu ya kuonea usiku, ikitumiwa mchana na filta nyeusi, ilipenya baadhi ya nguo nyepesi. Atakayeifanya hiyo ndiyo kazi ya kamera yake ana tatizo ambalo halikuletwa na infraredi, na hata simu aliyonayo sasa hivi tayari angeitumia vibaya.

Ningependa tushughulike na mchicha. Tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat irushwe mwaka 1972, setilaiti zinapima afya ya mimea kwa hesabu ya darasani: chukua infraredi, toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya zote mbili. Kamera iliyotolewa filta, ikiwekwa kipande cha plastiki ya buluu ya aina inayofaa badala ya negativu, inaweza kuiga hesabu hiyo juu ya tuta moja la mboga, buluu ikishika nafasi ya nyekundu. Tusidanganyane: kamera hizi hurekebisha rangi zenyewe kila jua linapobadilika, kwa hiyo namba za leo na za kesho hazilinganishwi kirahisi. Lakini ndani ya picha moja, tuta lililonyimwa maji na jirani yake lililomwagiliwa unaweza kuwalinganisha.

Ndiyo maana nasema droo zifunguliwe na vitu hivi vipelekwe shuleni. Kidato cha nne tulichora mistari ya mawimbi ya sumaku-umeme ubaoni, tukakariri infraredi iko wapi, tukajibu mtihani. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa prizimu, kioo kinachotawanya mwanga kuwa rangi, na vipimajoto tu, na sisi tulimaliza shule bila kuiona hata siku moja. Mtoto wa Kiswahili akishika bisibisi, neno la kwanza analosikia ni "utaharibu!" Kwa kamera ambayo imeshatupwa, aharibu. Mwalimu anahitaji kompyuta moja inayowaka, wembe aushike yeye mwenyewe, na mwembe wa uwanjani. Kuhusu negativu, aulize wazazi: nyumba nyingi bado zina bahasha za picha za harusi za miaka ya tisini, na ncha nyeusi za mikanda ile hazijawahi kumfaa mtu.