Ukimaliza unakuwa nani?

Nilipomwambia mjomba wangu kwamba chuoni nimechagua somo la ukatili wa kijinsia alinyamaza kidogo halafu akaniuliza, sasa mjomba, hiyo ukimaliza unakuwa nani? Swali lake la haki kabisa, ada analipa yeye. Anayesoma unesi anakuwa nesi, mimi je?

Wengi wanajua jibu moja tu, NGO. Semina, tisheti za Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia kuanzia 25 Novemba, basi. Mimi naona hapo ndo tunapokosea, maana hili somo linawafaa zaidi watu ambao kazi zao zipo tayari.

Mwaka jana nilimsindikiza dada mmoja jirani yetu kituoni, mume kampiga jicho limevimba hata halifunguki, na askari wa zamu cha kwanza alichomuuliza ni ulimfanya nini mpaka akakupiga. Dada wa watu akataka kugeuka arudi nyumbani pale pale. Nilimshika mkono tukauliza dawati la jinsia, lile la polisi la kesi kama hizi, liko wapi, tukapata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, tukaenda hospitali. Sikufanya maajabu, nilijua tu njia, na njia nilifundishwa darasani. Darasani pia ndo nilijua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 66 inasema mume hana haki ya kumchapa mke wala mke kumchapa mume, sheria ina zaidi ya miaka 50 na mtaani bado watu wanakwambia ni mambo ya ndani!

Sasa fikiria yule askari angesoma hata semista moja. Au nesi wa zamu ya usiku, anayetakiwa ajue kwamba aliyebakwa inabidi aanze PEP, dawa za kuzuia asipate VVU, ndani ya saa 72 na kila saa inayopita ina maana, au mwalimu anayeona mtoto kabadilika ghafla na hajui kwamba 116 ni namba ya bure ya kuripoti ukatili kwa watoto. Afisa ustawi, afisa maendeleo ya jamii, wakili, mwandishi wa habari anayeandika "wivu wa mapenzi" kila mwanamke akiuawa, hao wote.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, hili lisiwe somo la kuchagua kwenye vyuo vya uuguzi, ualimu na polisi. Liwe la lazima, na mtihani wawe nao.