Samaki wa Dar: Feri au mgahawani?

Ukiuliza ni wapi Dar es Salaam utakula samaki mtamu, mmoja atakuelekeza Feri, soko la Magogoni jirani na kivuko cha Kigamboni. Mwingine atakutajia migahawa ya Masaki na Msasani yenye meza zinazotazama bahari. Ubishi wao huishia kwenye bei. Kwangu swali zito ni saa: samaki ametoka majini lini, na tangu hapo amelazwa wapi?

Kwa kipimo hicho, Feri ya asubuhi haina mpinzani. Vyombo vilivyovua usiku vinashusha, madalali wananadi changu, pono, kolekole, nguru. Unachagua mwenyewe: macho maangavu yaliyojaa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kijana anampaa magamba na kumtoa matumbo, kisha samaki anaingia karaini huku unatazama. Changu wa namna hiyo, kwa ndimu, pilipili na ugali wa moto, sijaona mgahawa wa kumpiku. Na hela yako inabaki kwa mvuvi, mpaaji na mkaangaji, jambo ambalo nalithamini sana.

Lakini jua likishapanda, hesabu inageuka. Samaki aliyelala juu ya meza bila barafu huharibika upesi, na jodari, nguru na kibua wana hatari ya peke yao: wakikaa kwenye joto, nyama yao hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na moto hauiondoi. Mlaji huwashwa mwili, uso humwiva, kichwa humgonga, naye alikula samaki aliyeiva vizuri kabisa. Hapo mgahawa wenye majokofu ya uhakika unashinda, hasa kwa kamba, ngisi na kaa.

Hata hivyo, jokofu lina maficho yake. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku. Mgahawa unaokupa orodha ileile Januari na Juni, tena kila kitu “cha leo”, ubanwe kwa maswali. Nawaogopa zaidi wanaomzamisha samaki kwenye mchuzi mzito wa krimu: changu mbichi anatosheka na chumvi, ndimu na makaa.

(Pweza namwacha kando. Supu yake ni ya jioni, kwa wauzaji wa mitaani, na wanaijua kazi.)

Kwa hiyo kabla mchana haujafika, nenda Feri. Usiku, nenda mgahawa utakaokuonyesha samaki mzima kabla hajapikwa. Wakikataa, agiza kuku. Ila wakaangaji wa Feri wasiachiwe peke yao mzigo huu wa kumtunza samaki asiharibike. Barafu ya bei nafuu na maji safi ya kutosha pale sokoni vingewapa wateja wa jioni pia, na hilo liko ndani ya uwezo wa jiji.