Kumlinda au Kumsikiliza: Muuguzi na Mgonjwa Aliyejidhuru

Mgonjwa aliyejidhuru akilazwa, mizigo yake hupekuliwa na kitanda chake husogezwa karibu na meza ya wauguzi. Wanaotetea utaratibu huu wana hoja: kwa aliyetaka kufa, saa za mwanzo ni za hatari, na wauguzi wawili wa zamu ya usiku hawana njia nyingine ya haraka.

Lakini mgonjwa akitazamwa siku tatu bila kuzungumzishwa, anachojifunza ni kuficha. Akijiumiza tena hatasema, na kidonda kitatunga usaha kabla hakijaonwa.

Mazungumzo huanzia kwenye kidonda chenyewe. Kioshwe, kishonwe kwa dawa ya ganzi kama cha mgonjwa mwingine yeyote, na chanjo ya pepopunda iulizwe. Kumnyima mtu ganzi "ili akome" ni ukatili, na siku nyingine hatakuja hospitali. Bendeji ikifungwa, muuguzi akae chini, macho yalingane, aulize waziwazi: "Ulitaka kufa, au kuna uchungu uliotaka upungue?" Swali hilo halimtii mtu wazo la kufa. Wengi hupumua kwa kuulizwa.

Wapo wanaopenda fomu ya alama: hatari ndogo, ya kati, kubwa. Hujazwa upesi, tena humkinga muuguzi lawama zikija. Hata hivyo mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, unakataza kuzitumia kutabiri nani atajidhuru tena au kuamua nani atibiwe, maana hukosea mno. Karatasi ya ahadi, "sitarudia tena," nayo haifai: siku akirudia, aibu itamziba mdomo.

Bora mpango wa usalama, uandikwe kwa maneno yake mwenyewe: dalili kwamba hali inaanza kuchafuka, analoweza kufanya peke yake, wa kwenda kukaa naye, wa kumweleza ukweli, namba ya kituo cha afya, na vitu vya hatari vya kuondolewa nyumbani. Mipango mingi huharibikia kwenye maneno ya jumla. "Nitapiga simu kwa rafiki" haitoshi; liandikwe jina, na namba ya pili iwapo wa kwanza hapokei. Dawa ya kunyunyizia mimea ifungiwe, ufunguo ashike mtu mwingine. Vidonge vitolewe vya wiki, visiwe vya mwezi. Mwongozo huohuo wa NICE unataka, pale wasiwasi juu ya usalama wa mgonjwa unapobaki, huduma ya ufuatiliaji ianze ndani ya saa 48 baada ya tathmini ya hali yake ya kiakili na kijamii.

Nchini Kenya kuna hofu nyingine. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Familia nyingi bado zinaogopa polisi. Muuguzi awaambie mapema kwamba si kosa tena, kabla hawajaanza kueleza kwamba mgonjwa alianguka jikoni.