Nyumba yetu, sigara za mwingine

Mwezi wa nne huu tangu tununue nyumba Ngamiani, na kila nikifungua mlango napokewa na sigara za mtu aliyekwisha kuhama. Mimi sivuti, mume wangu havuti. Lakini kanga zikikaa kabatini wiki moja tu, zinanuka kama za kijiweni.

Siku tuliyokuja kuikagua madirisha yote yalikuwa wazi, upepo wa bahari unapita, udi umefukizwa. Dalali hakusema neno. Hilo ndilo linaloniuma, maana angesema tungezungumza bei.

Majirani wananiambia nifukize udi na mimi. Jamani, udi unafunika saa moja mbili tu! Moshi wa sigara huacha nikotini na lami, utando wa manjano unaonata ukutani, darini, hata kwenye mapazia. Joto na unyevunyevu wetu huu wa Tanga unaiamsha harufu. Mvua za masika zilipoanza, ndiyo ikazidi.

Fundi rangi naye alipaka juu kwa juu bila kuosha ukuta. Wiki mbili, madoa ya manjano yakatokeza kwenye rangi nyeupe. Hela imekwenda.

Sasa tunaanza upya: maji ya moto, sabuni na siki, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo inageuka rangi ya chai. Ukuta ukikauka, praima ya mafuta ya kuziba madoa, ndipo rangi. Mapazia nimetupa.

Chumba cha watoto bado. Mdogo ana pumu, analala kwa bibi yake Chumbageni.