Kumpunguzia Marehemu Miaka

Asubuhi ya leo, kabla sijatia hata sukari kwenye chai, nimekuta sentensi yangu katika kamusi elezo ya mtandaoni imefutwa, na mahali pake pamerudishwa maneno yaleyale niliyoyaondoa, pamoja na kosa lao la tahajia. Sababu iliyoandikwa kando ni fupi: hakuna chanzo cha kuaminika. Aliyefuta hana jina, ana herufi tatu na tarakimu, wala sijui anaishi nchi gani. Lakini kuhusu mambo ya Marangu, ambako mimi kutoka hapa Moshi nafika kwa Haisi moja, yeye ndiye mwenye neno la mwisho.

Shauri lenyewe ni hili. Katika kamusi elezo hiyo, ile ambayo kila mtu ameruhusiwa kuihariri mpaka siku atakapojaribu, umo wasifu wa Yohani Kinyala Lauwo, mzee wa Marangu anayesimuliwa kwamba alimwongoza Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Mwaustria Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, juu ya Mlima Kilimanjaro, mwezi Oktoba 1889. Wasifu unasema alizaliwa mwaka 1871 na kufariki Mei 1996. Toa mwenyewe, utapata miaka 124 au 125. Sasa kamusi hiyohiyo, katika ukurasa mwingine, inatamka kwamba binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote ambao umri wao umethibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Kurasa mbili za namna hiyo zingepaswa ama kusalimiana au kugombana, si kukaa nyumba moja zikijifanya hazijuani. Mimi niliweka sentensi moja ya adabu kabisa, kwamba umri huo haujathibitishwa kwa hati, na sentensi hiyo ndiyo iliyotupwa kwa kukosa hati.

Hati za nani, ndugu zangu? Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Uchaggani mwaka 1893, kwa hiyo mtoto wa mwaka 1871 alikuwa ameshaota ndevu kabla kitabu chao cha ubatizo hakijafunguliwa. Meyer hakuwa na shida hiyo. Alizaliwa mwaka 1858 katika ukoo wa wachapishaji, na kampuni yao, iliyokuwa Leipzig hukohuko, ndiyo iliyotoa mojawapo ya kamusi elezo kubwa za Ujerumani. Yaani mmoja alipanda mlima akiwa na kiwanda cha kamusi nyumbani kwao, na mwingine, kwa mujibu wa simulizi, alipatikana kwa sababu alikuwa ameitwa kwa Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, kujibu kosa la kukwepa kazi ya barabara. Halafu mwenye herufi tatu anashangaa kwa nini wasifu wa Meyer una tanbihi nyingi kuliko wa Lauwo.

Kwa kuwa walitaka chanzo, nilikwenda kukitafuta. Habari za Haisi ya Marangu siku ya soko naziacha, mnazijua. Habari za ofisi niliyoelekezwa, ambako mwenye ufunguo wa kabati la kumbukumbu alikuwa msibani, nazo naziacha. Nianzie kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, ambako niliambiwa wazee wanaojua mambo hukutana baada ya kukata majani ya ng'ombe.

Nilimwamkia mkubwa wao, "Shikamoo, Meku," akaitikia, akanipa kata, na nikaeleza kwa Kiswahili changu cha ofisini kwamba nakusudia kuboresha usahihi wa wasifu wa marehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia moyo bure.

"Kwa hiyo, mwanangu, unasema babu hakuishi miaka hiyo."

"Sisemi hivyo, mzee. Nasema haijathibitishwa."

"Wewe ulikuwepo alipozaliwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi umejuaje kwamba haijathibitishwa?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la swali hilo, ambalo nalitafuta hadi sasa, mzee mwingine alipoinuka na kutangaza kwamba babu yake mzaa baba alikuwa rika moja na marehemu. Ukimsogeza marehemu miaka kumi mbele, umemsogeza na babu yake; ukimsogeza babu yake, basi kihamba chao, yaani shamba la ukoo, kilipandwa migomba baada ya kihamba cha jirani; na kama kilipandwa baada, basi yale masale, mimea inayoonyesha mpaka, yalipandwa na nani? Kwa bahati mbaya jirani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la pili. Huyo aliinua kata yake juu na kusema kwa sauti kubwa kwamba kijana huyu wa mjini amesoma, asikilizwe, na miaka ipunguzwe leo hii.

Hivyo ndivyo nilivyopata mfuasi wangu wa kwanza wa historia yenye ushahidi. Kilabu kiligawanyika. Upande mmoja ulikataa kuachia hata mwezi, upande mwingine ulianzia miaka mia moja, na mama muuza mbege, aliyeona kata zimesimama hewani bila kunywewa, akapendekeza mia na kumi ili biashara iendelee. Walipatana miaka mia na kumi na minane, kwa sharti kwamba masale yasiguswe, na kwamba mimi, kwa kumsumbua marehemu, nirudi na jani la sale kuomba radhi pamoja na ndoo ya mbege. Nilipotoa karatasi na kuomba mmoja wao aandike hayo na kutia sahihi, wote walikumbuka ng'ombe.

Na hata wangesaini! Kanuni inasema ushuhuda nilioukusanya mwenyewe ni utafiti binafsi, haukubaliki mpaka uchapishwe na mwingine. Watu waliokunywa na marehemu, waliomzika, neno lao si chanzo. Lakini mtalii aliyepita siku sita, akalala vibandani, akarudi kwao na kuchapisha kijitabu alichokinakili kutoka kamusi hiyohiyo, huyo ni chanzo, na kamusi itamnukuu yeye kuthibitisha maneno yake yenyewe! Hapo ndipo mtu anapotamani kuzima simu na kuitupa mtoni, isipokuwa bando bado halijaisha.

Nikiwa kwenye kurasa hizohizo nimeona na habari ya jiwe. Meyer aliokota jiwe kileleni, akalipeleka Ujerumani, akalikata, nusu akampa Kaisari, likawekwa katika kasri la Potsdam. Jiwe lilipata mmiliki, likapata anwani, likapata wasifu ulionyooka kuliko wa mtu yeyote wa Marangu. Leo ukishuka na kokoto la mlimani mfukoni, mhifadhi ana haki ya kukusimamisha getini. Nani aliyelishusha jiwe lile mpaka pwani? Maana sidhani kama Meyer alilibeba mwenyewe, na wapagazi walikuwa wengi. Swali hilo nitalipeleka kilabuni, ila si siku ya soko, na kwanza nitahakikisha wale wawili wa mpaka hawajakaa benchi zinazotazamana.