Kadi ya zaka kaburini

Nimekaa na hasira hii tangu Jumamosi. Leo naona afadhali niiandike kuliko kuendelea kuwamalizia watoto wa nyumbani ambao hawakunikosea.

Tulikuwa tunamzika baba mdogo, kijijini, nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda. Tenti mbili, viti vya plastiki vya kukodi, posho ikisongwa nyuma ya nyumba, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ameshahutubia mara mbili ingawa ratiba ilimpa mara moja. Watu wanatafsiriana Kisamia, Kiteso na Kiswahili, kama kawaida ya kwetu. Jeneza liko chini ya mwembe, kaburi limechimbwa tangu alfajiri, saa nane imeshapita. Tunamngoja katekista aanze ibada. Katekista akasimama, akafungua faili, akatoa kadi ya zaka ya marehemu.

Akaisoma. Mbele ya watu wote. Mwaka kwa mwaka, na kila alipokuta mwaka mtupu alitamka "hakuna", kisha akanyamaza kidogo, kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtoto aliyefeli ambaye mama yake yupo mkutanoni. Alipomaliza akasema utaratibu unajulikana, ibada haiwezi kuanza deni likiwa bado. Shilingi 120,000. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba pesa inaweza kutumwa kwa simu.

Basi tukachanga. Kofia ikazunguka. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa mkekani kando ya jeneza, alifungua pindo la leso yake akatoa noti ya elfu mbili. Mjane, kwa kaburi la mumewe. Na binamu yangu aliyetuma kwa simu akaulizwa, "Umeweka na ya kutolea?"

Ya kutolea! Kumbe neema ya Mungu ina makato. Serikali yenyewe, ambayo sijamsikia mtu akiisifu kwa huruma, inakata asilimia 0.5 unapotoa pesa ya simu, na mwaka 2018 ilipoanza na asilimia 1 nchi nzima ilipiga kelele mpaka ikapunguza. Kanisani tunakatwa kumi, tunaitikia amina, na ukifa bila kumaliza wanakufuata hadi shimoni.

Hela ilipotimia faili likafungwa, joho likavaliwa, na wimbo wa kwanza kuanzishwa ukawa ule wa Balokole, yaani wa waliookoka wa uamsho, ule wa damu iliyotuosha, ambao hata sisi tusiojua Kiganda tunauimba mpaka machozi. Niliangalia kushoto na kulia nione kama kuna mtu anayecheka. Hakuna.

Niwaambie kidogo juu ya marehemu. Baba mdogo alikuwa mtu wa baiskeli. Ninyi vijana mnaodhani bodaboda ni pikipiki, neno lenyewe lilizaliwa huku kwetu mpakani, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka boda hii hadi boda ile, na yeye alikuwa mmoja wa wale wa zamani, wenye mto nyuma ya kiti. Alikunywa. Sitamsafisha. Waragi ilimla ini, ikala na nusu ya shamba. Zaka hakutoa, ni kweli. Na karo pia kuna mihula hakutoa. Lakini pale mpakani kila bibi kizee mwenye mzigo alimjua, kwa sababu bibi kizee hakulipishwa. "Panda, mama, twende." Basi. Mama mdogo aligombana naye kwa hilo kila jioni: umebeba watu sita leo, mbona umeleta hela ya wawili? (Na ya mmoja kati ya hao wawili ilikuwa imeshapitia kilabuni.) Jumamosi sikuwahi kuona vikongwe wengi namna ile kwenye mazishi ya mlevi.

Lakini ngoja. Nikiendelea hivi nitakuwa nimeingia mtego uleule wa katekista. Yeye ana kadi yake, mimi naandika yangu: safari za bure, vikongwe kadhaa, tunajumlisha, tunaona marehemu amefaulu. Siyo hoja yangu hiyo. Hoja yangu ni kwamba hata kama asingembeba kikongwe hata mmoja, hata kama angekuwa mlevi mtupu asiye na hadithi nzuri ya kusimuliwa kwenye makala, kadi ile haikuwa na kazi pale kaburini. Rumi 5:8 haisemi Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipoanza kuonyesha dalili za kubadilika. Inasema tulipokuwa tungali wenye dhambi.

Tatizo letu naona linaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili "bure" ina sura mbili. Kitu cha bure ni kile ambacho hukukilipia. Lakini mtu bure, kazi bure, maneno bure, ni takataka. Tukisikia wokovu ni wa bure, sikio moja linasikia zawadi na la pili linasikia kitu kisicho na thamani. Kwa hiyo tunaubandika bei ili tuuheshimu. Tumezoea: dawa ya bure ya zahanati tunaitilia shaka, ileile tukiuziwa duka la ng'ambo ya barabara tunapona.

Na hii siyo siri iliyofichwa kwa wasomi. Efeso 2:8 kila mtoto wa Sunday school aliikariri ili apate peremende. Wakatoliki na Walutheri, waliogombana tangu 1517 juu ya jambo hilihili, walikutana Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999 wakatia saini kwamba Mungu anatukubali kwa neema tu, si kwa stahili yoyote tuliyo nayo. Karne karibu tano za ugomvi, wakakubaliana. Barua haijafika Busia.

Halafu kuna Wakolosai 2:14, ambayo nilikuwa nayo kwenye ulimi Jumamosi nzima na sikuwa na ujasiri wa kuisema. Inasema kuhusu hati iliyokuwa ikitushitaki, kwamba ilifutwa, ikaondolewa, ikagongomewa msalabani. Hati! Orodha ya madeni. Mimi ninavyoelewa, kitu kikishagongomewa msumari pale hakuna katekista anayekwenda kukibandua, akakipangusa, akakirudisha kwenye faili.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu, na nina ugomvi na karibu kila mahubiri niliyowahi kuyasikia juu yake. Saa zinazotajwa pale hazihitaji kufafanuliwa na mtu: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Ni saa zetu. Nenda kwenye maegesho ya malori, Busia au Malaba, ukae na wapakuzi. Saa tatu asubuhi wenye mabega wameshachukuliwa. Saa sita wanachukuliwa wa wastani. Ikifika saa kumi na moja, pale ukutani wamebaki akina nani? Mzee wa mgongo. Yule wa kikohozi. Yule aliyeangusha katoni mwaka jana na tangu siku hiyo hakuna tajiri anayemtaka. Mlevi anayejulikana.

Wahubiri huwaita wavivu, au wale "waliochelewa kuokoka". Wavivu? Mvivu haketi juani kutwa akingoja kazi. Mvivu alirudi nyumbani saa nne. Hawa waliulizwa mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi, na jibu lao ni la kuumiza: hakuna mtu aliyetuajiri. Kila lori lililopita liliwatazama likaamua hapana.

Na dinari moja ulikuwa ujira wa siku wa kibarua. Huku mashariki tunaita leja leja, na kila aliyeifanya anajua hela ile haikai mfukoni, inapitia dukani inageuka unga kabla hujafika nyumbani. Sasa mlipe yule mzee wa mgongo kwa haki, kwa saa aliyofanya, moja kati ya kumi na mbili. Umempa nini? Kikombe cha unga, na watoto watano wanamngoja. Mwenye shamba akampa siku nzima. Hakumwibia mtu, wa asubuhi walipata kile walichopatana. Ukisikiliza malalamiko yao vizuri utaona hata hawasemi wamepunjwa. Wanasema: umewasawazisha na sisi.

Hapo ndipo panapouma. Na hapo lazima nikiri kitu ambacho sikupanga kukiandika. Kadi yangu mimi imejaa. Natoa kila mwezi, naandikiwa, naitunza kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja. Na katekista alipotamka "hakuna" kwa mara ya tatu, kabla hasira haijanipanda, kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichojisikia vizuri. Kidogo sana, lakini kilikuwepo. Mimi siyo "hakuna". Yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, aliyenuna nje ya karamu kwa sababu ya mbuzi, namfahamu, tunatumia wembe mmoja.

Najua mtakachosema. Mabati ya kanisa hayashuki kutoka mbinguni. Katekista mwenyewe posho yake huja ikipenda, anazunguka na baiskeli isiyo na breki kuzika watu wa vijiji vitatu, na Malaki 3:10 imo kwenye Biblia yangu pia. Sawa. Toeni zaka, mimi natoa na nitaendelea. Lakini mtoto anayemletea baba yake samaki si sawa na mpangaji anayepeleka kodi, hata kama samaki na kodi vina bei moja. Mpangaji akishindwa anatolewa vyombo nje.

Na wale wanaosema neema ya bure itawafanya watu wazembe, Paulo aliulizwa hilohilo akajibu "Hasha", Rumi 6, mjisomee. Baba mdogo hakulewa kwa sababu alihubiriwa neema kupita kiasi. Sidhani kama aliwahi kuhubiriwa. Alihubiriwa kadi.

Wahubiri wa "panda mbegu" wa Kampala, wale wa toa hela ubarikiwe, siwagusi leo. Ningeanza nao tusingefika kwenye mazishi.

Nilitaka kuishia hapo. Halafu jana usiku nikamkumbuka Askofu Festo Kivengere, na makala yangu nzuri ikaharibika.

Habari mnaijua. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, wa Kanisa la Anglikana la Uganda, aliuawa, serikali ya Amin ikasema ni ajali ya gari. Siku hizi tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, tunalala mpaka saa tatu. Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi, alikimbia na mkewe, wakapanda milima kwa miguu wakaingia Rwanda. Alikuwa na kila sababu ya kumchukia Amin, na yeye mwenyewe alikiri kwamba chuki ilikuwemo. Mwaka uleule, 1977, akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Amin akiwa bado madarakani! Makaburi yakiwa bado mabichi! Niliposikia kwa mara ya kwanza nilidhani ni kejeli. Haikuwa kejeli, na wala hakuwa anasema Amin ni mtu mwema. Alikuwa tu ameipeleka neema mpaka mahali ambapo mimi ningeomba kushuka.

Kwa sababu nimetumia nusu ya usiku kumtetea mlevi asiyelipa zaka, na haikuwa kazi ngumu. Nilimpenda. Alinifundisha kuendesha baiskeli. Lakini kama ni bure kwa baba mdogo, ni bure pia kwa yule bwana wa faili, pamoja na "hakuna" zake na pesa yake ya kutolea. Naye yumo ukutani saa kumi na moja. Sikulipenda wazo hilo hata kidogo. Nilitaka asomewe kadi yake mbele ya watu, mwaka kwa mwaka, na nilikuwa nimeshaanza kumwandikia kichwani.

Jumamosi ijayo tunamaliza matanga. Mama mdogo ameshamwalika aje aombe. Nilimwuliza, "Mama, yuleyule?" Akanitazama. "Kwani kuna mwingine?" Kisha akaniagiza kreti ya soda, na akasisitiza Mirinda ziwe nyingi, kwa sababu katekista hanywi nyingine.

Kreti iko hapa mlangoni. Bado sijaamua nani atakayempelekea.